Muulize Fundi: Nguzo ndefu inatetemeka kwenye mashine ya kukereza, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo hapa Tanga, nimepata oda ya vitanda vya nguzo nne, kila nguzo ni mninga wa urefu wa mita moja na robo, unene inchi 2. Nikifika katikati mti unaanza kutetemeka, mlio unabadilika, nikizima mashine nakuta mistari imejizungusha kama skrubu na msasa hauitoi. Steadi ya dukani, kile kifaa cha kushikilia mti katikati usitetemeke, bei yake siiwezi. Naweza kujitengenezea? Mashine yangu kutoka kwenye reli hadi ncha ya senta, ile inayoshika mwisho wa mti, ni inchi 6.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa oda. Unaweza kabisa, na ukiitengeneza vizuri inafanya kazi sawa na ya kununua.

Ila kabla hujakata chochote legeza kidogo kile kichwa cha nyuma, yaani sehemu inayobana mwisho wa mti usio upande wa mota, maana mafundi wengi wanakikaza mno na mti mwembamba ukibanwa kwa nguvu toka mwisho unapinda wenyewe hata patasi haijagusa. Halafu noa patasi. Kama bado inatetemeka, basi ni wembamba wa mti. Patasi inausukuma nyuma na juu, unapinda, unarudi, unagongana na patasi tena, ndo hiyo mistari. Ukipunguza unene kwa nusu mti unapinda mara 16 zaidi kwa nguvu ileile, ukiongeza urefu mara mbili unapinda mara 8. Urefu ukizidi mara 10 hadi 15 ya unene shida huwa inaanza, sasa nguzo yako ni karibu mara 25, kwa hiyo lazima ishikwe katikati.

Tafuta viatu vya magurudumu vya mitumba, vile vya watoto vyenye magurudumu kwa mstari mmoja, hata kama kiatu kimechanika we unataka magurudumu matatu tu. Ni plastiki laini, hayakwaruzi mti, na beringi zake mara nyingi ni zile zilizoandikwa 608, tundu lake milimita 8, so bolti ya milimita 8 inaingia hapohapo. Gundisha plaiwudi mbili za milimita 18, zikikauka kata pete kwa jigso (msumeno mdogo wa umeme wa kukata mapindo), nje upana inchi 11, ndani inchi 8. Hakikisha kitovu cha pete kinakaa sawasawa na senta ya mashine. Chini weka kibao kinachoingia katikati ya reli mbili, na bolti nene inayoshuka hadi kwenye kipande cha mti mgumu chini ya reli, ukikaza nati yote inabana isisogee.

Mikono mitatu ya kubeba magurudumu, inayofungwa kwenye pete, chonga kwa mti mgumu, kila mmoja na mfereji wa kupitisha bolti ili uweze kusogea mbele na nyuma. Ipange kama herufi Y, mmoja chini, miwili juu, mmoja upande wako na mmoja upande wa nyuma. Huo wa juu nyuma ndo unaobeba kazi yote kwa sababu mti unakimbilia hukohuko, usiutengeneze kwa mabaki. Wa chini uwe mfupi usije ukagonga reli.

Sasa hapa ndo watu wanaharibu. Magurudumu hayawezi kukimbia juu ya mti wa pembe nne, wala juu ya mti wenye mistari, yatafuata kila bonde na mtetemo utazidi. Kwa hiyo kwanza kereza sehemu ndogo karibu na katikati, upana wa vidole vitatu, mwendo wa taratibu, patasi kali, unaparura kidogo kidogo. Zima, zungusha kwa mkono huku umeshika penseli karibu na mti, ikichora mduara mzima bila kuruka basi ni duara. Ndo ulete magurudumu, moja moja, mashine imezimwa. Ukizungusha mti gurudumu lizunguke nalo, lakini ukiliwekea kidole lisimame. Lisiposimama umebana sana, legeza, maana ukibana unaupinda mti upande wa pili na umerudi kulekule. Zungushia tepu ya karatasi pale yanapopita yasiache alama.

Kereza kuanzia kichwa cha nyuma kuja kwenye steadi, halafu upande wa pili, na pale penye magurudumu utamalizia mwisho. Na tafadhali vaa miwani, na usisogelee mashine na shati lenye mikono inayoning'inia.

SWALI: Mimi niko Kigoma, hivyo viatu huku sivioni. Kuna njia nyingine?

JIBU: Ipo na ni ya zamani sana. Chukua kibao cha mti mgumu, kikate pembe kama herufi V, kikae nyuma ya mti kwenye fremu inayokiruhusu kusogea, nyuma yake weka kabari inayoshuka kwa uzito wake. Mti ukipungua unene kabari inashuka yenyewe na kibao kinaufuata, huna haja ya kurekebisha. Paka nta ya mshumaa pale panapogusana, na mwendo uwe mdogo kuliko ule wa magurudumu kwa sababu mti kwa mti unachemka, ukisikia harufu ya kuungua zima, punguza uzito wa kabari, paka nta tena.