Jirani akikuuliza "Unaenda wapi?"

Mdogo wangu, umesema tangu uhamie Nkuhungu, Dodoma, mama jirani anakuuliza kila asubuhi, "Unaenda wapi?", nawe unahisi anakuchunguza. Pole, lakini hatafuti taarifa. Hiyo ni salamu, sawa na "Habari za asubuhi?" ambayo hata mwenye homa huijibu "Nzuri". Mwambie, "Nafika mjini mara moja, mama." Inatosha. Kama ni Mgogo, anza na salamu ya kwao, "Mbukwenyi", uone uso wake utakavyochangamka.

La kuangalia ni "mbona". "Jana ulikuwa wapi?" laweza kuwa swali tu. "Mbona jana hatukukuona?" ni lawama ya mtu aliyekukosa. Usimpe ratiba yako ya kazi, sema, "Nisamehe mama, nilibanwa."

Mimi nilichelewa kuyajua haya. Jioni moja jirani alisimama mlangoni, kibakuli mkononi: "Una chumvi?" Nikamjibu "Ninayo", nikaendelea kusonga ugali. Akasubiri kidogo, akaondoka kimya. Alikuwa anaomba, na mpaka leo naumia nikikumbuka kile kibakuli.

Kesho akikuuliza, simama, mjibu, kisha nawe muulize wameamkaje.