Ada ya maji haitoshi: ufunguo wa banio uwe wa nani?

Kamati ya mfereji wa kumwagilia ikitoza ada kwa ekari, aliyefungulia maji asubuhi tu na aliyeyaacha yamwagike hadi alfajiri wanalipa sawa. Tozeni kwa saa. Kwanza pimeni mfereji unapitisha maji kiasi gani: chagueni kipande kilichonyooka cha mita 10, mdondoshe kijiti, mhesabu sekunde. Mfereji wa upana wa mita 0.6 na kina cha mita 0.2, kijiti kikitumia sekunde 34, unapitisha lita 30 hivi kwa sekunde (maji ya juu hukimbia zaidi, kwa hiyo kasi izidishwe kwa 0.85, wengi husahau hapa). Kujaza ekari moja ya mpunga kina cha sentimita 10 kunahitaji mita za ujazo 405, yaani karibu saa 3 na dakika 45, bila kuhesabu yanayozama ardhini.

Anayetumia analipa: huo ndio uchumi wa mazingira. Ila bei haimzuii mshika ufunguo wa banio, lango la kuingizia maji mferejini, kumfungulia shemeji yake kwanza. Wanafalsafa wa kijamhuri, Philip Pettit akiwemo, wanasema uhuru ni kutokuwa chini ya hiari ya mtu mwingine, hata akiwa mpole. Mkulima wa mwisho wa mfereji kule Mbarali, wilaya ya mpunga mkoani Mbeya, anayepata maji kwa hisani bado yuko mkononi mwa mtu.

Kwa hiyo wekeni kufuli mbili kwenye lango, ufunguo mmoja ukae kwa wakulima wa juu ya mfereji na mwingine kwa wa chini, kila upande ukiwa na msaidizi wa usiku. Bila msaidizi, kufuli zitavunjwa wiki ya kwanza. Daftari la zamu lisomwe mkutanoni kwa sauti. Wekeni kikomo cha saa kwa kila ekari, la sivyo mwenye fedha atanunua wiki nzima. Faini ya kuiba maji izidi bei ya saa zilizoibwa, maana ikiwa ndogo inageuka punguzo. Rufaa isisikilizwe na kamati iliyotoza.

Mto nao hauna mjumbe kwenye kikao. Ruaha Mkuu, mto unaopokea maji ya Mbarali, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993. Kubalianeni na Bodi ya Maji ya Bonde, chombo cha serikali kinachosimamia maji ya mto, kuhusu kina ambacho mto usishuke chini yake, mkichore kwa rangi ya mafuta kwenye zege la banio, upande wa njia wapitao watu. Maji yakishuka chini ya mstari, lango linafungwa kwa wote, mwenyekiti akiwemo.