Umeandika hadithi ya gemu? Soma hapa kabla hujaipeleka kwa mchapishaji

Kila nikitaja kwamba naandika hadithi za kishabiki za Mass Effect, gemu ya safari za angani, hakosi kijana wa kunifuata pembeni aniulize, "Sasa yangu nitaichapishaje?" Wengi wameshamaliza mswada mzima, na wameuandika kwa mapenzi ya kweli. Jibu langu ni gumu, ila ni afadhali ulipate mapema: ikiwa imebeba jina na ulimwengu wa gemu hiyo, mchapishaji hawezi kuitoa hata kama imemkosesha usingizi kwa utamu.

Mhariri mmoja niliyemsimulia hadithi yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Barua ya ruhusa ya wenye gemu unayo?" Habari ya wahusika wala lugha hakuigusa. Mass Effect ni mali ya BioWare ya Kanada na kampuni mama yake, Electronic Arts, na hakimiliki yao inalindwa hata huku, kwa sababu Kenya na Tanzania zimo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki. Kuwaandikia uombe ruhusa sikushauri utegemee. Kampuni hizi riwaya huziagiza zenyewe. Ile ya kwanza ya Mass Effect, iliyotoka 2007, iliandikwa na Drew Karpyshyn, ambaye ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa gemu yenyewe.

Masharti hutofautiana, kwa hiyo soma ya gemu yako. Mtunzi wa gemu za Touhou za Japani, ZUN, amewaachia mashabiki watunge kazi zao na kuziuza kwenye maonyesho ya kazi za mashabiki kama Comiket ya Tokyo. Wa namna hiyo ni wachache. Amazon nayo ilianzisha huduma ya kuuza hadithi za mashabiki, Kindle Worlds, mwaka 2013 ili mashabiki walipwe kwa makubaliano na wenye mali, ikaifunga 2018.

Kama unachotaka ni kusomwa, weka hadithi bure kwenye Archive of Our Own, tovuti ya hadithi za mashabiki. Haina matangazo, na inaendeshwa na shirika lisilotafuta faida. Usiombe hata shilingi mle, wala usitie namba ya simu ya kutumiwa pesa chini ya sura. Wasomaji wa pale wanaijua gemu kuliko mhariri yeyote, na maoni yao ndiyo yaliyonifunza kuandika mazungumzo.

Lakini kama unataka kitabu dukani, itabidi uchambue kipi ni chako. Hadithi yangu ilimhusu binti wa Kiquarian, jamii mojawapo ya viumbe wa Mass Effect. Wale ni watu waliofukuzwa kwao na mashine walizoziunda wenyewe, wakaishi karibu miaka 300 kwenye msafara wa meli za angani, na kinga yao ya mwili imedhoofu hata mavazi ya kujikinga hawavui. Kijana akikua hutumwa nje, na harudi mpaka apate kitu cha manufaa, ndipo apokelewe na meli nyingine. Binti yangu alishakipata kitu chenyewe, ila kurudi hataki.

Meli si zangu. Mavazi si yangu, wala desturi ya kutumwa. Changu ni kule kukataa kwake, na mama anayemsubiri akiwa na deni alilokopa kumwandalia safari. Hayo mawili nikayahamishia Lamu, kwenye nyumba ya nahodha.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ukimwandikia shabiki, taja jina la meli tu, naye anaiona, kwa kuwa alishatembea ndani yake saa nyingi. Msomaji wa kitabu hana kumbukumbu hiyo. Ilinibidi nimjengee ukumbi, nimweleze nani analala wapi, deni linadaiwa na nani na kwa nini aibu yake ni kubwa. Kwa hiyo usidanganyike kwamba kubadilisha majina kunatosha. Aliyecheza ataitambua helmeti ya Kiquarian hata ukiipaka rangi mpya, na asiyecheza hataelewa kitu.

Ukipeleka mswada mpya, mwambie mhariri mapema kwamba mbegu yake ilishawekwa mtandaoni, na umwonyeshe ilipo. Baadhi watakutaka uiondoe, wengine hawajali. Kubalianeni hilo kabla hujasaini mkataba.