Mwanga unaua antibayotiki kwenye bika, kwenye majitaka unagoma: tatizo liko wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini unga wako wa titani dioksidi unamaliza antibayotiki ya siprofloksasini ndani ya saa moja kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara) lenye maji yaliyokenekwa, lakini kwenye majitaka ya hospitali yaliyopita bwawani haiondoki hata robo. Unga hauna kosa. Maji ndiyo yanayokula kazi yake.

Titani dioksidi ikipigwa na mwanga wa urujuanimno, chini ya nanomita 387 hivi, hutengeneza radikali za haidroksili, chembe kali za muda mfupi. Hizo ndizo zinazokata dawa, ila hazichagui cha kukata. Chukua maji yenye kaboni ya viumbe iliyoyeyuka (uchafu wa viumbe) miligramu 10 kwa lita, bikaboneti miligramu 300, na sulfamethoksazoli (ile ya kwenye Septrin) mikrogramu 1. Ukipiga hesabu kwa kasi za mmenyuko zinazojulikana, katika kila radikali 10,000 haipatikani hata moja inayoifikia dawa. Kwenye bika uliweka dawa miligramu 10 kwa lita na hakukuwa na mshindani yeyote. Kwa hiyo hii ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya bwawa na chujio. Usiipe majitaka mabichi.

Teka maji asubuhi mapema. Mchana mwani wa bwawani hupandisha pH (kipimo cha asidi) hadi 9 na zaidi, na ukijani wake unazuia mwanga. Pitisha kwenye mchanga, kisha kitambaa kizito, mpaka uone vizuri kitako cha chombo.

Kabla ya kuamini namba zozote, weka vyombo viwili vya kulinganisha: kimoja chenye unga lakini gizani, kingine chenye mwanga bila unga. Siprofloksasini hung'ang'ania kwenye chembe za titani, na pia huvunjika kwa mwanga peke yake. Koroga gizani dakika 30 hadi 60 kwanza, ndipo uwashe taa na kuhesabu muda. Gramu 0.5 hadi 1 ya unga kwa lita inatosha. Ukizidisha, chembe zinakingiana mwanga. Na usifunike chombo kwa karatasi ngumu ya polikaboneti. Inaonekana angavu, lakini inakata urujuanimno karibu wote.

Kwa jua letu ningeuacha huo unga, maana kuuchuja baadaye ni mateso, nitumie chuma na hidrojeni peroksaidi, ambavyo juani navyo hutengeneza radikali. Kule Almería, Hispania, wanafanya hivyo kwenye mabwawa ya kina cha sentimita 5 hadi 15 tu. Wewe anza na beseni la sentimita 40 kwa 50, maji kimo cha sentimita 10. Hizo ni lita 20. Shusha pH hadi 6 kwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ukikoroga. Sehemu kubwa ya bikaboneti itatoka kama gesi. Pembeni, kwenye nusu lita ya maji yaliyokenekwa, yeyusha asidi ya sitriki gramu 0.8, kisha salfeti ya chuma ya fuwele za kijani gramu 0.55. Usibadilishe mpangilio huo: chuma kikiingia peke yake kwenye maji ya pH 7 kinageuka matope ya rangi ya kutu na kazi imekwisha. Mimina mchanganyiko beseni likiwa juani, halafu peroksaidi ya asilimia 30 mililita 3, ambayo ni miligramu 50 kwa lita. Vaa glavu na miwani, inaunguza. Kuongeza peroksaidi maradufu hakusaidii, kwa sababu nayo hula radikali. Maji yakianza kuwa na ukungu wa kahawia, sitriki imekwisha. Ongeza nusu ya dozi ya chuma na sitriki, usiongeze peroksaidi.

Kosa linaloharibu matokeo mengi liko kwenye chupa ya sampuli: mmenyuko unaendelea humo hadi unapofika kwenye mashine. Zima papo hapo kwa sodiamu salfaiti, miligramu 2 kwa kila mililita 10, chuja kwa chujio la mikromita 0.45, tunza gizani. Peroksaidi iliyobaki pia hupandisha kwa uongo kipimo cha COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kikemia).

Mwisho, dawa kutoonekana kwenye kromatografia (mashine inayotenganisha na kupima dawa) si sawa na dawa kufa. Siprofloksasini huanza kukatika kwenye pete ya piperazini, sehemu ya pembeni ya molekuli, huku kiini chake cha kwinoloni kikibaki, na kiini hicho bado kinaweza kudhuru bakteria. Chukua sampuli uliyoitia dawa miligramu 10 kwa lita (kwa mikrogramu sahani ya bakteria haitaonyesha kitu), weka mikrolita 100 kwenye kishimo cha agari (rojo la kukuzia bakteria) yenye E. koli ATCC 25922, bakteria wa kawaida wa majaribio, acha nyuzi 37 usiku kucha. Weka kishimo kingine chenye peroksaidi iliyozimwa, bila dawa, maana peroksaidi nayo inaua. Ukiona duara wazi, yaani mahali bakteria hawakuota, kwenye kishimo cha kwanza tu, rudisha beseni juani.