Hema Vumawimbi, watoto watatu

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni watu watano wa Unguja. Tunataka siku nne Pemba, usiku mmoja tulale hema ufukweni Vumawimbi. Tupangeje?

JIBU: Waalaykum salaam. Usiku wa kwanza laleni nyumba ya wageni Chake Chake. Watoto wakishuka boti Mkoani huwa hoi. Hema liwe usiku wa pili, kwa ruhusa ya sheha. Chagueni siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kupwa sana: wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, bahari hupanda mbali. Pigeni hema juu ya mstari wa mwani mkavu, kamwe si chini ya mnazi. Vigingi hung'oka mchangani. Jazeni viroba mchanga, fungeni kamba, fukieni. Maji: dumu la lita 20 kwa siku.