Kabla ya kuchonga majina ya babu zako

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kama tuwawekee babu yako na kaka yake kibao makaburini kwa sababu walikwenda Keya, yaani jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki (King's African Rifles, KAR), wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kama tuandike kwamba walijitolea. Kibao tuweke. Neno "walijitolea" lisubiri kwanza.

Watanganyika zaidi ya 80,000 walivaa sare ya Mwingereza katika vita ile. Wapo waliokwenda kwa hiari yao, na wapo waliopelekwa na machifu baada ya boma kuagiza vijana. Waulize wazee wa ukoo. Wakitofautiana, andika "alitumikia Keya". Hapo hakuna heshima inayopungua. Vilevile usiandike "alipigana" kabla ya kujua kikosi chake. Wengi walikuwa madereva, wapagazi, wauguzi na wajenzi wa barabara, na bila wao Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki isingepita bonde la Kabaw, kule Burma, mwaka 1944 kwenye mvua na matope yale.

Babu mkubwa, yaani kaka yake babu yako, hakurudi, basi jina lake litafute kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iko wazi kwenye intaneti bila malipo. Kwa vita ile inahesabu waliofia utumishini kuanzia tarehe 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Babu yako alifia nyumbani miaka mingi baadaye, kwa hiyo usimtafute humo.

Wengi hukwama kwenye tahajia. Karani aliandika alichosikia: Mwakyusa anaweza kuwa Mwakiusa, L ikawa R, au jina la ukoo likaachwa kabisa, likabaki la kwanza, kisha s/o ("son of", yaani mwana wa) na jina la baba. Tafuta kwa kila namna, halafu linganisha namba ya jeshi, maana majina hufanana. Usipomwona, usikate tamaa. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba baada ya Vita vya Kwanza Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina, nayo hupokea ushahidi wa majina yaliyoachwa. Ni dhuluma kubwa, na inaniuma. Waliofia Burma bila kaburi kujulikana, wengi wamo kwenye mnara wa Rangoon ulioko Taukkyan.

Kwa babu yako, ushahidi ni cheti cha kuachishwa jeshi. Ile nyota ya shaba yenye pembe sita, iliyoandikwa THE BURMA STAR kuzunguka duara la katikati, haitoshi: Waingereza hawakuchonga majina kwenye nishani hizo, na zinauzwa sokoni. Ukiishika, usiisugue kwa dawa ya kung'arishia. Ifute kwa kitambaa laini kikavu.

Kibao kiwe cha graniti, herufi zichongwe. Rangi tupu haidumu kwa mvua za Rungwe, na vigae hubanduka maji yakiingia nyuma yake. Msingi umwagwe Julai au Agosti: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unene wa sentimita 10, umwagiliwe siku saba.

Usimlipe fundi bado. Cheti kiko kwa shangazi yako. Kipige picha pande zote mbili, namba ionekane, unitumie.

Mama yako