Mwatiko Wetu Wanakufa Wakati wa Joto

SWALI: Assalamu alaikum. Kikundi chetu kinafuga mwatiko katika bwawa la maji ya chumvi karibu na mikoko. Kiangazi kilichopita maji yalikuwa moto mno, samaki wakawa wanatweta juu ya maji alfajiri, na wengi wakafa. Mvua za masika nazo zikabomoa ukingo. Wenzetu wanataka tuhamie perege. Tufanyeje? (Msomaji, Micheweni, Pemba)

JIBU: Waalaikumu salaam. Litengenezeni bwawa kabla ya kumlaumu samaki. Mwatiko hustahamili chumvi nyingi na chache, na nyuzi 30 za joto hazimsumbui. Kilichowaua wenu, kwa dalili mlizozitaja, ni upungufu wa oksijeni. Maji matamu ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu, na maji ya chumvi hubeba pungufu ya hapo. Usiku, ule ukijani wa majini nao huvuta oksijeni bila ya kuitoa, ndiyo maana samaki hutweta alfajiri na si adhuhuri.

Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa zaidi, maji ya visiwani kwetu hujaa karibu na alfajiri na alasiri, kwa hiyo lango la bwawa likifunguliwa alfajiri, maji mapya huingia saa ile ile samaki wanapoyahitaji zaidi. Hatari imo katika maji mafu, ambapo bahari haifiki langoni na bwawa hukaa siku kadhaa bila kubadilishwa. Siku hizo punguzeni chakula, hasa pakiwa hakuna upepo, kwani mabaki yakioza hula oksijeni. Chimbeni pia hadi kina cha mita moja au zaidi, maana bwawa la magotini hupata moto upesi, na wekeni vifaranga wachache zaidi.

Ukingo uinulieni juu ya alama ya bamvua kubwa kabisa, kwa kuwa bahari inapanda, lakini msikate mikoko kutafuta nafasi. Hiyo ndiyo inayovunja nguvu za mawimbi. Mvua kubwa ikinyesha, toeni mbao za juu za lango, kwani maji ya mvua huelea juu ya yale ya chumvi na yataondoka kwanza.

Kuhusu perege, mimi siungi mkono: wengi wanaofugwa ni wa maji matamu, na kiangazi kirefu ndicho kinachoyapunguza maji hayo visimani.